Mwanasheria aliyegeuka mpiga debe wa usalama



Familia nyingi za Mwanza na Bukoba zina mtu wao katika makaburi ya Igoma, na nyingine hazina hata kaburi la kulizuru. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyoruhusiwa kuchukua abiria 430, ilipinduka karibu na Bwiru, ikiwa imekwishaikaribia Bandari ya Mwanza. Waliokufa ni mamia kwa mamia. Wapo wanaokadiria kuwa walifika elfu moja. Meli ilikuwa imejaa kupita kiasi, na ziwa likachukua wanafunzi, wafanyabiashara wa ndizi, akina mama na watoto wao.

Miongoni mwa waliozama alikuwamo Mmisri mmoja aliyesafiri kwa jina lisilo lake. Baadaye dunia ilimjua kwa jina la Abu Ubaidah al-Banshiri, na wapelelezi wa Marekani walimtaja kuwa kamanda wa kijeshi wa kundi la al-Qaeda. Wenzake waliokuwa Kenya, wakiwamo Fazul Abdullah Mohammed wa Komoro na Wadih el-Hage, raia wa Marekani aliyezaliwa Lebanon, walifunga safari kuja Mwanza kuhakikisha kama kweli amekufa. Miaka mitano baadaye habari za safari hiyo zilielezwa katika mahakama ya New York, katika kesi ya mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998, yaliyoua watu 11 Dar es Salaam na zaidi ya 200 Nairobi. Hivyo ndivyo jina la Mwanza lilivyoingia katika majalada ya ugaidi wa dunia: kwa ajali ya meli.

Kesi ile ina jambo ambalo halitajwi sana. Ilisikilizwa mbele ya jaji wa kawaida na jopo la raia wa kawaida. Mashahidi walihojiwa hadharani, washitakiwa walipewa mawakili wa kuwatetea, na tarehe 29 Mei 2001 wote wanne wakatiwa hatiani, mmoja wao akiwa Khalfan Khamis Mohamed, kijana wa Zanzibar. Adhabu ya kila mmoja ikawa kifungo cha maisha. Walioua watu wasio na hatia walipatikana na kufungwa bila sheria mpya, bila gereza la kisiwani, na bila kuwakusanya watu kwa sababu ya majina yao.

Katika wiki zile zile Idara ya Makosa ya Jinai ya Wizara ya Sheria ya Marekani ilipata mkuu mpya. Jina lake ni Michael Chertoff, na leo tunapenda kuutazama mwenendo wa kazi yake. Mtu anaweza kuuliza: Mmarekani huyu ametuhusu nini sisi wa kando ya Ziwa Viktoria? Jibu litakuja lenyewe. Yaliyoamuliwa mezani kwake na mezani kwa wenzake yalisafiri mbali, na mengine yalifika mpaka hapa.

Chertoff alizaliwa mwaka 1953 katika jimbo la New Jersey, akasoma sheria Chuo Kikuu cha Harvard, kisha akawa msaidizi wa Jaji William Brennan wa Mahakama ya Juu, ambaye Wamarekani wanamkumbuka kama mtetezi mkubwa wa haki za raia mbele ya dola. Alikuwa mwendesha mashtaka New York, akashiriki kuwafunga wakubwa wa magenge ya Mafia mwaka 1986. Kuanzia mwaka 1990 hadi 1994 alikuwa mwendesha mashtaka mkuu wa serikali kuu katika jimbo lake la New Jersey. Baada ya hapo kamati ya Baraza la Seneti ilimfanya mwanasheria wake maalumu katika uchunguzi wa biashara ya ardhi ya Whitewater iliyomhusu Rais Bill Clinton na mkewe. Kazi yake ikawa kuwahoji watu wa Ikulu. Bibi Hillary Clinton hakuisahau kazi hiyo. Alipokuwa seneta, na Chertoff akapendekezwa kuwa jaji wa rufaa mwaka 2003, kura zilikuwa 88 kwa moja, na ile moja ya kumkataa ilikuwa yake.

Lakini tukio linalotugusa zaidi ni jingine. Usiku mmoja wa Aprili 1998 askari wa barabarani wa New Jersey walisimamisha gari dogo lililobeba vijana wanne weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini, waliokuwa wakienda kwenye mafunzo ya mpira wa kikapu. Askari wakafyatua risasi, wakajeruhi watatu. Wananchi wakapiga kelele, na mwaka uliofuata serikali ya jimbo ikakiri kwamba askari wake walikuwa na tabia ya kuwasimamisha watu kwa sababu ya rangi ya ngozi yao. Kamati ya Sheria ya Baraza la Seneti la New Jersey ikaanzisha uchunguzi, na mwanasheria maalumu iliyemteua alikuwa huyu huyu Michael Chertoff. Katika vikao vya mwaka 2001 aliwahoji wakubwa wa jimbo bila kuwaonea haya. Alimhoji hata Peter Verniero, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo na wakati huo keshakuwa jaji wa mahakama yake ya juu, juu ya alichokijua na lini alikijua.

Tunaomba msomaji alishike hilo. Mapema mwaka 2001 huyu alikuwa mtu anayewauliza polisi kwa nini wanamdhania mtu uovu kwa sura yake. Sisi Waislamu swali hilo si geni kwetu, kwani Surat al-Hujurat imetukataza kukithirisha dhana na kupekuliana.

Kisha ikaja tarehe 11 Septemba 2001. Watu karibu 3,000 waliuawa kwa dhuluma, Waislamu wakiwamo miongoni mwao. Katika majuma yaliyofuata polisi wa Marekani walikamata mamia ya wageni, wengi wao Waislamu kutoka Pakistani, Misri, Uturuki na kwingineko. Wengine walikamatwa kwa sababu jirani alipiga simu kueleza shaka yake. Kosa walilokutwa nalo aghalabu lilikuwa la viza iliyokwisha muda. Amri ilikuwa kwamba mtu ashikiliwe mpaka shirika la upelelezi la FBI limsafishe, na dhamana asipewe. Wakati huo huo Chertoff alikuwa mmoja wa waliosaidia kuitunga ile sheria ya usalama iitwayo Patriot, iliyotiwa saini tarehe 26 Oktoba 2001. Tarehe 28 Novemba alikaa mbele ya maseneta na kuitetea kamatakamata ile kuwa ilifuata sheria.

Mwenyezi Mungu amejaalia kwamba kila penye mwenye nguvu huwapo na mtu wa kumkagua. Wizara ile ile ilikuwa na Mkaguzi Mkuu, mwanasheria aliyeitwa Glenn Fine, aliyelipwa na serikali na kupewa kazi ya kuichunguza serikali. Ripoti yake ilitoka Juni 2003, na ilikuwa chungu. Ilihesabu wageni 762 waliokamatwa kwa utaratibu ule. Kwa wastani ilichukua siku 80 kumsafisha mtu mmoja tangu akamatwe. Katika gereza la Brooklyn, New York, wafungwa walikaa katika vyumba vyenye taa zinazowaka usiku na mchana, familia na mawakili wao wakazuiwa kujua waliko, na baadhi ya askari magereza waliwapiga na kuwatukana. Gereza jingine lililochunguzwa ni la wilaya ya Passaic. Liko wapi? New Jersey, nyumbani kwa Chertoff, katika jimbo lile lile ambako miezi michache tu nyuma alikuwa akiwahoji wakubwa juu ya kukamata watu kwa sura zao.

Hakuna hata mmoja katika wale 762 aliyetiwa hatiani kwa mashambulizi ya Septemba. Baadhi yao walifungua madai, na madai yakazunguka mahakamani miaka na miaka, mpaka Juni 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kuwa wakubwa wa wizara hawawezi kudaiwa fidia kwa sera ile. Miaka 15 na zaidi ya kusubiri ikaishia hapo. Watoto waliowaona baba zao wakitiwa pingu walikuwa wameshakuwa watu wazima.

Chertoff hakukaa sana katika ujaji. Februari 2005 Rais George W. Bush alimfanya Waziri wa Usalama wa Ndani, na safari hii maseneta 98 walimpitisha bila wa kupinga. Mwaka ule ule wizara yake ilinunua mashine tano za mwanzo za kukagua mwili mzima kutoka kampuni ya Rapiscan. Mashine hizo zilipitisha mionzi katika nguo, na picha iliyomtokea mkaguzi ilikuwa ya mwili wa abiria kana kwamba hakuvaa kitu. Januari 2009 serikali ilibadilika na Chertoff akaondoka madarakani. Mwaka huo huo alianzisha kampuni ya ushauri wa mambo ya usalama kwa jina lake, Chertoff Group, akiwachukua pia wakubwa wengine waliostaafu, akiwamo Michael Hayden aliyewahi kuongoza shirika la kijasusi la CIA. Miongoni mwa wateja wa kampuni hiyo ilikuwa Rapiscan.

Siku ya Krismasi ya mwaka 2009 kijana wa Kinigeria, Umar Farouk Abdulmutallab, alijaribu kulipua ndege iliyokuwa ikielekea Detroit kwa baruti aliyoishona katika nguo yake ya ndani. Alhamdulillahi, baruti haikulipuka, akakamatwa. Siku hizo hizo Bwana Chertoff alionekana katika vyombo vya habari akieleza kwamba viwanja vya ndege vinahitaji mashine za kukagua mwili. Watazamaji walimwona waziri mstaafu mwenye ujuzi. Alipoulizwa na mtangazaji wa televisheni, alikubali kwamba watengenezaji wa mashine ni wateja wa kampuni yake, na gazeti la Washington Post likaandika habari hiyo Januari Mosi 2010. Kabla ya hapo, mwaka 2009, serikali ilikuwa imekwishaagiza mashine 150 za Rapiscan kwa dola milioni 25.

Hapa ndipo tunapoombwa kusimama, ndugu msomaji, kwani jambo hili lina mfano wake katika Sunna. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi aliigawa mali mafungu mawili: hili ni lenu, na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume (S.A.W.) alikasirika, akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake akaona kama zawadi hizo zingemfuata huko. Ni swali fupi, na wanazuoni wamelitumia karne kwa karne kupima mali ya watumishi wa umma. Nasi tunaliuliza hapa: lau Bwana Chertoff angekuwa wakili wa mji mdogo wa New Jersey ambaye hajawahi kukalia kiti cha uwaziri, je, wauza mashine wangebisha hodi mlangoni kwake?

Adabu inatutaka tumpe kila mtu haki yake. Kwa sheria za Marekani hakushitakiwa kwa kosa lolote katika jambo hili. Yeye anajiita mshauri, hajiiti mpiga debe, na siku zote alisema kuwa anaamini mashine zile zinaokoa maisha. Alizitaka tangu alipokuwa waziri, kabla ya kulipwa na mtu. Baadaye alisimama upande wa wale wanaotaka mawasiliano ya watu yafungwe kwa siri ambayo hata serikali haiwezi kuifungua, na mwaka 2018 alitoa kitabu cha kuonya juu ya taarifa za watu zinazokusanywa ovyo. Hatumwoni kuwa ni shetani. Tunachokiona ni mlango unaozunguka: mtu anatoka ofisi ya kukagua dola, anaingia ofisi ya kuipa dola nguvu, kisha anatoka kuishauri kampuni inayoiuzia dola vifaa, na kila mlango anaoupita anaupita kwa heshima aliyoipata katika mlango uliotangulia.

Na mashine zenyewe? Machi 2010 ofisi ya Bunge la Marekani inayokagua matumizi ya serikali ilisema haijulikani kama zingeiona baruti ya yule Mnigeria. Mwezi Februari baraza la fiqhi la Waislamu wa Amerika Kaskazini lilikuwa limetoa tamko kuwa kupita mbele ya mashine inayomvua mtu stara yake hakuafikiani na mafundisho ya Uislamu, na mama zetu waliosafiri kwenda kuwaona watoto wao walijua maana yake kabla ya kusoma tamko. Mwaka 2013 mashine za Rapiscan ziliondolewa katika viwanja vya ndege vya Marekani, kwa kuwa kampuni haikuweza kwa wakati kutengeneza programu ya kuficha maumbile ya abiria.

Kuna jambo katika kisa cha Abdulmutallab ambalo wazazi wangepaswa kulijua zaidi ya habari za mashine. Baba yake, Alhaji Umaru Mutallab, mfanyabiashara wa benki anayejulikana sana Nigeria, aliona mwanawe amebadilika na amekatiza mawasiliano na nyumbani. Tarehe 19 Novemba 2009, wiki tano kabla ya tukio, alikwenda ubalozi wa Marekani Abuja akaeleza hofu yake juu ya mwanawe wa kumzaa. Fikirieni uzito wa hatua hiyo kwa baba. Taarifa iliandikwa, ikapelekwa, ikalala. Kijana hakunyimwa viza, wala hakuzuiwa kupanda ndege. Kamati ya Seneti ilipochunguza mwaka 2010 ilihesabu mahali 14 ambapo serikali ilishindwa. Ugonjwa ulikuwa wa kutosikiliza, na dawa iliyonunuliwa ilikuwa ya kutazama. Baba Mwislamu alikuwa ameshafanya bure kazi ambayo mashine za mamilioni ya dola hazikuweza kuahidi.

Turudi nyumbani. Tarehe 28 Septemba 2001 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 1373, lililoyalazimisha mataifa yote kutunga sheria dhidi ya ugaidi na fedha zake, na kila nchi kutoa taarifa ya utekelezaji ndani ya siku 90. Azimio lile lilitoka mkono mmoja na fikra zilizozaa ile sheria ya Patriot. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi, namba 21 ya mwaka 2002, ikaanza kutumika mwaka 2003. Juni 2003 Rais Bush alitangaza dola milioni 100 za kusaidia mapambano dhidi ya ugaidi Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Waislamu wengi waliipokea sheria ile kwa hofu, wakisema imewalenga wao. Jibu walilopewa mara kwa mara ni kwamba asiye na hatia hana cha kuogopa.

Majirani zetu wa Kenya walikuwa na mtihani kama huo, na sura ya kisa chao inafanana na ya Chertoff kuliko tunavyopenda. Mwaka 2003 Waziri wa Sheria wa serikali mpya ya Rais Kibaki alikuwa Kiraitu Murungi, wakili wa haki za binadamu aliyewahi kuikimbia nchi enzi za Rais Moi. Serikali hiyo hiyo ya wanamageuzi ndiyo iliyochapisha muswada wa kukandamiza ugaidi, uliowapa polisi nguvu ambazo mawakili hao hao walizipinga walipokuwa nje ya madaraka. Waislamu wa Pwani na chama cha mawakili waliukataa kwa pamoja na ukawekwa kando. Kenya haikupata sheria ya ugaidi mpaka mwaka 2012.

Kwetu sheria ilikaa miaka, kisha ikaanza kuzaa. Mwaka 2014 Sheikh Farid Hadi Ahmed, Sheikh Mselem Ali Mselem na wenzao wa Jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar walifikishwa mahakamani Dar es Salaam kwa mashitaka ya ugaidi, ambayo hayana dhamana. Wakakaa mahabusu. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, mpaka watu wakazoea kuahirishwa kwake. Katikati ya Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka aliyaondoa mashitaka, wakatoka. Miaka saba bila hukumu ya hatia wala ya kutokuwa na hatia.

Wiki tano tu baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 21 Julai 2021, polisi waliingia katika hoteli hapa Mwanza na kumkamata Freeman Mbowe, aliyekuwa wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani cha CHADEMA, aliyekuja kwa ajili ya kongamano la kudai katiba mpya. Akasafirishwa Dar es Salaam, akashitakiwa chini ya sheria ile ile ya mwaka 2002, pamoja na watu watatu waliowahi kuwa makomandoo wa jeshi. Mbowe ni Mkristo. Wapo waliokaa kimya mwaka 2002 wakidhani sheria ile ni ya watu wenye kanzu, nao siku hiyo waliiona ikigonga mlango wa hoteli ya Mwanza ikimtafuta mtu asiye na kanzu. Tarehe 18 Februari 2022 mahakama ilimwona ana kesi ya kujibu. Tarehe 4 Machi Mkurugenzi wa Mashtaka akaiondoa kesi. Naye akarudi nyumbani baada ya miezi saba na ushei.

Tusifahamike vibaya. Hatuko miongoni mwa wanaosema kuwa ugaidi ni hadithi za Wazungu. Mei 2016 watu waliojifunika nyuso waliingia na mapanga katika Msikiti wa Rahman, Mkolani, hapa hapa Mwanza, waumini wakiwa katika swala ya usiku, wakawaua watu watatu, imamu akiwa mmoja wao. Damu ilimwagika juu ya mikeka ya swala. Waliokufa walikuwa Waislamu, na wajane na mayatima ni wetu. Wauaji wa namna ile wanastahili kutafutwa, kushitakiwa kwa ushahidi na kuadhibiwa, kama walivyoadhibiwa wale wa mabomu ya Dar es Salaam na Nairobi. Ndiyo maana inatuuma kuona neno ugaidi linabandikwa kwa masheikh miaka saba na kwa mwanasiasa miezi, kisha linabanduliwa bila maelezo. Likishabandikwa kwa kila mtu, litamtambulisha nani?

Tunapenda pia wakazi wa kando ya ziwa wapime hatari zao wenyewe, wasipimiwe na wenye kuuza dawa. Mabomu ya 1998 yaliua watu 11 nchini mwetu. MV Bukoba iliua mamia. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimejaa kupita uwezo wake, wakafa watu 228. Miaka 22 ilikuwa imepita kati ya ajali hizo mbili, na kasoro ni ile ile ya kuhesabu vichwa gatini. Kwa upande wa ugaidi zilikuja sheria, semina, misaada na washauri wa kimataifa. Kwa upande wa maboya ya kuokolea na karani mwaminifu wa kuhesabu abiria hapakutokea waziri mstaafu wa kuvipigia debe katika televisheni za dunia. Boya halina faida kubwa.

Tulimtaja Glenn Fine kwa makusudi. Marekani ilidhulumu watu, lakini ndani ya miaka miwili mtumishi wa wizara ile ile aliandika kwa jina lake kilichofanyika, idadi yake, gereza lake na siku zake, na kila raia akaweza kukisoma. Yeye na Chertoff walifanya kazi katika wizara moja, wote wawili wanasheria, wote waliosomea Harvard. Mmoja aliendelea na ukaguzi mpaka mwaka 2011. Mwingine alipanda, akashuka, akafungua kampuni.

Sisi tuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora tangu mwaka 2001, ambayo huchunguza na kupendekeza. Mkurugenzi wa Mashtaka naye, anapoondoa shauri kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, halazimiki kueleza sababu. Wabunge wa Nyamagana, Ilemela, Ukerewe na majimbo mengine ya ziwa huja kutuamkia misikitini mwetu kila uchaguzi unapokaribia. Watakapokuja tena, waulizwe: kwa ile miaka saba ya masheikh na ile miezi saba iliyoanzia hotelini Mwanza, ni ofisi gani katika nchi yetu yenye wajibu wa kuandika ripoti, na ripoti hiyo itasomwa lini bungeni?